Shajara ya mradi: kidahizo cha kitenzi splankhnizomai

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Leo nimefungua kidahizo cha 14, yaani neno la 14 la kuelezwa, katika faharasa ya vitenzi vya Kiyunani ambayo kikundi chetu kidogo cha kusoma Agano Jipya katika lugha yake ya asili kinaiandaa kwa Kiswahili. Vidahizo 13 vilivyotangulia vilinichukua siku mbili tatu kila kimoja, na hiki nacho nilikipangia siku hizo hizo, kwa kuwa katika daftari langu la zamani kimekaa kwa mstari mmoja tu: σπλαγχνίζομαι, kuhurumia. Nilipousoma mstari huo asubuhi haukunitosheleza hata kidogo. Kiyunani tayari kina ἐλεέω, yaani eleeo, ambacho ndicho kitenzi cha yule kipofu Bartimayo aliyepaza sauti kando ya njia ya Yeriko akisema "unirehemu", na ndicho kinachosikika hadi leo pale waumini wanapoimba Kyrie eleison. Tena kina οἰκτίρω, ambacho nacho hufasiriwa kwa huruma. Lugha haiweki vitenzi vitatu mahali pamoja bila sababu, na kidahizo kisichoitaja sababu hiyo hakijamsaidia msomaji.

Nimeanza na matamshi, kwa sababu wenzangu wengi hukwama hapo. Herufi γ ikitangulia χ haitamkwi g bali hutoa sauti ya ng' kama katika ng'ombe, na χ ni kh ya Khamisi, hivyo neno zima hutamkwa splang'khnizomai. Katika shajara hii nitaliandika splankhnizomai ili lisomeke kwa wepesi.

Alhamisi

Umbo lake si gumu. Kuna nomino σπλάγχνον, ambayo kwa kawaida huonekana katika wingi, σπλάγχνα, yaani splankhna; ikatiwa kiambishi -izo, ambacho Kiyunani hukitumia sana kufanyia vitenzi kutokana na nomino; kisha ikapewa mwisho wa -mai, ambao ni mwisho wa kauli ya kutendwa au ya kujitendea. Nomino yenyewe ni kitu cha mwilini. Katika Matendo 1:18, Luka anapoeleza mwisho wa Yuda, anasema splankhna zake zote zilimwagika, na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 inasema bila kuficha kwamba "matumbo yake yote yakatoka". Nimeandika kwenye kadi: "splankhna, matumbo; splankhnizomai, kusikia jambo matumboni, na hivyo kuhurumia." Nimeifunga kadi nikiwa nimeridhika.

Wiki ya pili, Jumanne

Kadi ya Alhamisi ina kosa, na ni kosa la msingi. Nilikuwa nimetegemea mahali pamoja tu, tena mahali panapoeleza mwili uliopasuka, ambapo kila kilichomo hutoka bila kuchaguliwa. Jana usiku nimerudi nyuma hadi kwa Homer, mshairi wa Kiyunani wa kale. Katika Iliad, kitabu cha kwanza na cha pili, sadaka inapotolewa, mapaja ya mnyama hufunikwa kwa mafuta na kuteketezwa kwa ajili ya miungu, kisha splankhna huchomekwa kwenye vijiti, hushikiliwa juu ya moto na kuliwa na walio karibu na madhabahu, na hapo ndipo nyama iliyobaki hukatwakatwa vipande na kuchomwa kwa ajili ya karamu ya wote. Hakuna mtu anayeweza kuuchoma utumbo kwa namna hiyo, papo hapo, ukiwa haujaoshwa. Aristotle, katika kazi yake kuhusu viungo vya wanyama, analiweka wazi zaidi: splankhna ni vile viungo vya ndani vyenye damu, yaani moyo, ini, mapafu, figo na bandama, navyo anavitenga na tumbo la chakula na utumbo. Utumbo una jina lake, entera. Bandama nayo huitwa splen, neno ambalo wanaisimu wanalihesabu kuwa la ukoo mmoja na splankhnon.

Kwa hiyo tafsiri ya "matumbo" inamshusha msomaji hadi mahali ambapo Myunani wa kale hakuwa amesimama. Aliposema splankhna alikuwa anataja viungo vya uhai, vile ambavyo mnyama akikatwa kimojawapo hafiki mbali.

Jumamosi

Nimekwenda buchani kuliangalia jambo hili kwa macho, maana nilikuwa nimechoka kulisoma tu. Muuza nyama ananifahamu, nami nilimwomba anionyeshe vitu vya ndani vya mbuzi aliyechinjwa alfajiri. Alinyanyua koo la hewa kwa mkono mmoja, na mapafu, moyo na ini vikanyanyuka navyo, vimeshikamana kama shada, mapafu mekundu hafifu yakiwa juu na ini jeusi likining'inia chini. Utumbo ulikuwa mbali, ndani ya beseni la plastiki chini ya meza, ukisubiri maji. Akaniwekea ini kiganjani: lilikuwa bado vuguvugu, laini, na zito kuliko nilivyotarajia. Nikamuuliza kama yeye huvihesabu vyote kuwa kitu kimoja. "Hapana, mwalimu," akasema, "vya ndani ni aina mbili, kuna vya kuchoma na kuna vya kuosha."

Nimeyaandika maneno yake kwenye kadi mpya, juu kabisa, kwa sababu yanagawa splankhna na entera vizuri kuliko maelezo yangu yote ya wiki hii.

Wiki ya tatu, Jumatano

Leo nimelazimika kufuta dai jingine. Nilikuwa nimeandika kwamba kitenzi hiki kilibuniwa na waandishi wa Injili. Sivyo. Umbo la kutenda, σπλαγχνίζω, limo katika maandishi ya mawe ya kisiwa cha Kos ya karne ya 4 KK, na halihusu huruma hata kidogo: maana yake ni kula splankhna za mnyama wa sadaka. Maana hiyo hiyo imo katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo 6:8, katika simulizi ya mateso ya Wayahudi chini ya mfalme Antioko wa Nne, ambapo amri inatolewa kwamba walazimishwe kuzila splankhna za sadaka za kipagani. Nomino yake, splankhnismos, inarudi katika aya ya 21, pale wasimamizi wa mlo huo ulioharamishwa na Sheria wanapomvuta kando mzee Eleazari, mwenye umri wa miaka 90, wakimsihi ajifanye tu kuwa amekula ili asiuawe, naye akakataa.

Nimekaa muda mrefu na aya hizi. Kitenzi ambacho katika Wamakabayo kinataja tendo la kumlazimisha mzee kuihalifu dhamiri yake, katika Luka kinataja kile kilichompata Msamaria barabarani. Kati ya matumizi hayo mawili mzizi haujabadilika. Kilichobadilika ni viungo vya nani vinavyozungumziwa. Katika lile la kwanza ni viungo vya mnyama kinywani mwa mtu. Katika lile la pili ni viungo vya mtu mwenyewe.

Njia iliyowezesha badiliko hilo naiona katika nomino. Waandishi wa tamthilia wa Athene walikwisha kuzifanya splankhna za binadamu kuwa makao ya hisia kali. Katika tamthilia ya Aristophanes iitwayo Vyura, iliyoonyeshwa mwaka 405 KK, mungu Dionysus anamwonya Aeschylus, mtunzi wa tamthilia, asizipashe splankhna zake moto kwa ghadhabu. Kwao, basi, splankhna zilibeba hasira kwa urahisi, pengine kwa urahisi kuliko huruma. Walioipa nomino hii sura ya huruma kwa uthabiti ni Wayahudi walioandika kwa Kiyunani, jambo linaloonekana wazi katika Wasia za Mababa Kumi na Wawili, hasa katika wasia wa Zabuloni, ambamo kitenzi chetu kinatumika kwa maana ya kumwonea huruma jirani na hata mnyama.

Hata neno εὔσπλαγχνος, ambalo katika Waefeso 4:32 hutafsiriwa "wenye huruma", katika maandiko ya tiba ya Hippocrates lilimaanisha mtu mwenye viungo vya ndani vyenye afya. Hili nimeliweka kwenye kadi ya ziada ili lisichukue nafasi ya kidahizo chenyewe.

Wiki ya nne hadi ya tano

Nimeziunganisha wiki hizi mbili kwa sababu kazi ilikuwa moja: kusoma kila mahali ambapo kitenzi kinatokea katika Agano Jipya. Mahali penyewe ni 12 tu, navyo vyote vimo katika Injili tatu za kwanza, Mathayo mara 5, Marko mara 4 na Luka mara 3. Yohana hakitumii. Paulo naye hakitumii, ingawa nomino anaipenda. Anapomrudisha Onesimo kwa Filemoni anasema mtu huyo ni splankhna zake, na Kiswahili kimeandika hapo "moyo wangu".

Nilitarajia kupata orodha ya hali za huruma. Nilichopata ni utaratibu wa sarufi ambao sikuwa nimeambiwa na mtu. Nilipozipanga aya kwa umbo la kitenzi badala ya kuzipanga kwa Injili, zilijigawa zenyewe. Mara 6 kitenzi kiko katika wakati uliopita wa tendo moja lililokamilika, ἐσπλαγχνίσθη, na katika mara hizo 6, pasipo hata moja kukosekana, kimetanguliwa na kitenzi cha kuona. Yesu aliona makutano, mara tatu katika Mathayo na Marko, alimwona mjane wa Naini nyuma ya jeneza la mwanawe wa pekee, Msamaria aliona, baba wa mwana mpotevu alimwona mwanawe akiwa angali mbali. Mara nyingine 4 kitenzi kiko katika umbo la σπλαγχνισθείς, "akiisha kushikwa na huruma", na kila mara umbo hilo linasukuma mbele kitenzi cha kutenda: bwana anamfungua mtumwa na kumsamehe deni, Yesu anayagusa macho ya vipofu, ananyosha mkono na kumgusa mwenye ukoma, na baba wa kijana mwenye pepo anamsihi awahurumie na kuwasaidia. Mara 2 zilizobaki ni Yesu mwenyewe akisema kwa wakati uliopo kwamba anauhurumia umati uliokaa naye siku tatu bila chakula, na kinachofuata ni mikate 7 na watu wapatao 4,000 walioshiba.

Kwa maneno mengine, upande mmoja wa kitenzi hiki kuna jicho na upande wa pili kuna mkono. Katika mahali hapo 12 sikuona hata pamoja ambapo mtu alishikwa na hisia hii kisha akaenda zake.

Mahali ambapo jambo hili limechongwa kwa ustadi wa kupita kiasi ni Luka 10. Luka anawapitisha watu watatu kwenye barabara ya kushuka Yeriko, na kwa wote watatu anatumia neno lile lile, ἰδών, "alipoona". Kuhani: alipoona, akapita upande wa pili. Mlawi: alipoona, akapita upande wa pili. Msamaria: alipoona, esplankhnisthe. Kuhani na Mlawi hawakulaumiwa kwamba hawakuona, maana waliona sawasawa na yeye. Msikilizaji wa Kiyunani, aliyekwisha kuusikia mdundo huo mara mbili, alikuwa anaungoja ule ule mara ya tatu, na badala yake akapokea neno refu, zito, lenye konsonanti zinazogongana kooni. Kisha vitenzi vinafuatana bila pumzi: akakaribia, akamfunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha, akamleta, akamtunza. Nimeisoma aya hiyo kwa sauti mbele ya wenzangu wa kikundi, kwanza kwa Kiyunani na kisha kwa Kiswahili, na hata wale ambao hawajaanza kujifunza Kiyunani waliusikia mkatiko ule.

Wiki ya sita, Jumatatu

Sasa swali la Kiswahili. Biblia zetu hutumia "kuhurumia" au "kuonea huruma", na sina ugomvi nazo. Lakini kuhurumia ni tendo ambalo mtenda anakuwa mwenyewe nahodha wake. Yeye ndiye anayehurumia, naye aweza kuchagua kutohurumia. Kiyunani hakisemi hivyo. Esplankhnisthe kwa umbo ni kauli ya kutendwa: jambo limempata mtu, limemshika kutoka ndani kabla hajatoa uamuzi. Nilikuwa nikitafuta jinsi ya kulieleza jambo hili kwa kirefu, hadi nilipotambua kwamba Kiswahili kinalisema kila siku. Tunasema mtu ameshikwa na huruma, ameingiwa na huruma. Katika "kushikwa" na "kuingiwa" kile kiambishi -w- kinafanya kazi ile ile inayofanywa na -the katika esplankhnisthe. Kwa furaha niliyoipata hapo, nimeandika sentensi hii kwenye kadi mara mbili.

Ijumaa

Nilijaribu kurudisha pia kiungo chenyewe. Kiswahili kina mengi ya kusema kuhusu ini: mpenzi ni mkalia ini, na maneno makali humkata mtu maini. Nikapendekeza kwa kikundi "kukatwa maini kwa huruma". Mama mmoja, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na ambaye amezungumza Kiswahili tangu alipozaliwa, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, kukatwa maini ni mtu kuumizwa yeye mwenyewe. Hapa anayeumia ni mwingine." Alikuwa sahihi, na pendekezo nimeliondoa. Akaongeza kwamba yeye, akimwona mtoto wa mwenzake anateseka, husema amesikia uchungu kana kwamba amemzaa yeye. Hilo nimelihifadhi kwa ajili ya wiki inayofuata.

Wiki ya saba

Wiki fupi, lakini yenye faida. Tafsiri ya kale ya Injili katika Kisiria, lugha ya ukoo wa Kiaramu, inakiweka kitenzi chetu kwa mzizi wa r-h-m. Mzizi huo katika Kiebrania unatoa rahamim, huruma, na rehem, tumbo la uzazi. Katika Kiarabu unatoa rahma na rahim. Nasi tunao: ni ule ule wa "rehema", ambao watu wa pwani huutaja kila wanapoanza jambo kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anayesoma Kiyunani ana picha mbili za mwili mbele yake, ini na moyo kutoka upande mmoja, tumbo la mama kutoka upande wa pili, na yale maneno ya mama yetu kuhusu uchungu wa mtoto asiyemzaa yanaziunganisha zote mbili.

Wiki ya nane

Marko 1:41 imenichukua siku tano nzima. Mwenye ukoma amepiga magoti, na hati nyingi za kale za Agano Jipya, zikiwamo zile mbili mashuhuri za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinasema Yesu alikuwa σπλαγχνισθείς. Lakini hati iitwayo Bezae, ambayo Theodore Beza aliitoa kwa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1581, ina ὀργισθείς, "akiisha kukasirika", na baadhi ya tafsiri za kale za Kilatini zinaiunga mkono. Mathayo na Luka wanaposimulia tukio hilo hilo hawataji hisia yoyote. Wanaoitetea hasira huuliza hivi: kama Marko aliandika huruma, kwa nini wote wawili waliiacha? Ingekuwa rahisi zaidi kuelewa kama waliiacha hasira.

Hoja hiyo ina nguvu, nami sitaificha kwa msomaji. Hata hivyo nimeamua kufuata hati zilizo nyingi na kuiweka hasira katika tanbihi. Kilichonituliza si wingi wa hati peke yake. Tangu nilipomsoma Aristophanes nimejua kwamba splankhna hupata moto kwa ghadhabu kama zinavyoyeyuka kwa huruma, na sioni ugumu kwa mtu kumwona mwenye ukoma aliyetengwa na kijiji chake, na viungo vile vile vya ndani vikawaka kwa mambo mawili mara moja.

Wiki ya tisa, Jumamosi

Nimepitia Kigiriki cha leo kwa haraka. Kitenzi kingali hai, sasa kikiandikwa σπλαχνίζομαι, na maana yake imebaki kuwa kuhurumia. Asiye na huruma ni άσπλαχνος, na mzazi humwita mtoto wake σπλάχνο μου, kiungo changu cha ndani. Kule Ugiriki, supu ya usiku wa Pasaka iitwayo mayiritsa ingali inapikwa kwa vya ndani vya mwanakondoo, ingawa mpishi wa leo hutia humo vya kuchoma na vya kuosha pamoja.

Kidahizo kimewasilishwa jioni hii, kikisomeka hivi: "splankhnizomai, kushikwa na huruma, kuingiwa na huruma inayotoka katika viungo vya uhai (moyo, ini, mapafu) kwa kumwona mwenye shida, na inayoongoza kwenye tendo. Kutoka splankhna, viungo vya ndani vyenye damu, tofauti na entera, utumbo. Mara 12 katika Agano Jipya." Wenzangu wameomba neno "inayoongoza" libadilishwe kuwa "inayosukuma", nami nimekubali.

Kidahizo cha 15 kimejichagua chenyewe. Aya mbili tu baada ya kumgusa mwenye ukoma, Marko anasema Yesu alimwagiza kwa ukali, na kitenzi anachotumia, ἐμβριμάομαι, Aeschylus alikitumia kwa farasi wanaokoroma puani wakiwa wamevishwa hatamu. Kadi nimeshaifungua.